Jikoni kwa Mkwe

Mjukuu wangu anayeandika maneno haya ni mtoto wa kwanza wa marehemu binti yangu. Mimi sikusoma. Kiswahili changu nilikipata kanisani kwa kusikiliza wengine wakisoma, na sokoni Chwele kwa kuuza vitunguu kwa watu wa kila kabila, kwa hiyo nalijua neno lililonyooka na nalijua lililopinda. Nimemwamuru aandike ninavyosema, asiongeze sukari. Akimaliza ukurasa hunisomea, na nikisikia neno ambalo si langu, tunalifuta.

Nataka kueleza jinsi nilivyomuuguza binti yangu kule Kitale, katika boma la mumewe, mahali ambapo kwa desturi yetu mama mkwe hana njia ya kufika. Watu wa huku Bungoma wamelisimulia jambo hili kwa namna nyingi. Wengine husema nilivunja desturi. Wengine husema niling'ang'ania desturi hata mbele ya kifo. Wote hao hawakuwapo.

Kwetu, mwanamume hamtazami usoni mama aliyemzaa mkewe. Hamshiki mkono, hali chakula mbele yake, na wakikutana njiani mmoja wao hutafuta njia nyingine. Mama naye haingii nyumba ya mkwe wala halali chini ya paa lake. Vijana wa leo hucheka wakidhani ni chuki. Si chuki. Mtu amekupa mtoto wake; utamtazamaje usoni kama mtu wa kawaida? Mimi nililelewa hivyo, na watoto wangu niliwalea hivyo.

Mkwe wangu alikuwa mtu wa desturi kunishinda. Siku moja soko la Chwele likiwa limejaa, alifika kwa bodaboda kutafuta kuku wa kufuga, akaniona nimeketi nyuma ya vitunguu vyangu. Hakungoja pikipiki isimame. Aliruka, akakimbilia nyuma ya pikapu ya kabichi, akachutama pale. Mwenye pikapu akadhani ni mwizi.

"Wewe! Unatafuta nini kwa kabichi zangu?"

"Nyamaza, mzee, tafadhali. Mama mkwe yuko pale."

"Basi inama vizuri, bana. Makalio yako yanaonekana mpaka Malakisi!"

Upande ule wote wa soko ulicheka. Mimi nilivuta leso hadi machoni, nikageuza uso, nikaendelea kupanga vitunguu. Sikucheka, lakini moyoni nilifurahi sana siku hiyo. Nilijua binti yangu ameolewa na mtu aliyelelewa.

Huyo binti yangu alikuwa na mdomo. Katika watoto wangu wote ni yeye peke yake ambaye hakuniogopa. Ndugu zake waliponiona nimeinua kiboko walitawanyika kama vifaranga, yeye alisimama akaniuliza, "Mama, hicho ni kidogo, nikuletee kingine?" Sijui alimrithi nani. Baada ya kuolewa alianzisha kitalu cha miche kando ya barabara, ubavuni mwa boma lao, nje kidogo ya mji wa Kitale. Alichanganya udongo na samadi, akajaza mifuko myeusi ya nailoni, akaipanga safu safu chini ya kivuli cha nyasi. Kazi aliyoipenda zaidi ilikuwa kupandikiza avokado: kukata tawi la mti mzuri, kulifunga juu ya mche wa kienyeji, na kungoja viwili hivyo vikubali kuwa mti mmoja. Wateja walipolalamika kwamba miche inachukua muda, aliwaambia, "Hata ndoa yako haikushika wiki ya kwanza." Walinunua huku wakicheka.

Krismasi moja alikuja nyumbani na watoto. Tulikaa kula, nikamwona anameza tonge la ugali, anakunywa maji. Anameza tonge, anakunywa maji.

"Wewe," nikamwambia, "tangu lini unakula kama kuku, kila punje unainua kichwa?"

"Ugali yako ni ngumu, Mama. Imezeeka pamoja na wewe."

Wote walicheka. Mimi nilikuwa nikiitazama sahani yake. Nyama alikuwa ameisukuma pembeni, naye tangu utoto alikuwa mtu wa kugombania nyama. Asubuhi nilimpikia uji, ukapita. Mchana nikampa muhogo, ukakwama.

"Ukifika Kitale," nikamwambia, "usishuke kwa kitalu. Shuka hospitali."

"Ni asidi tu, Mama. Nimenunua dawa."

"Asidi haichagui kati ya uji na muhogo. Shuka hospitali."

Alitii. Nataka hilo liandikwe, maana watu hupenda kusema kwamba mgonjwa alichelewa. Alikwenda wiki ileile. Walimtuma Eldoret, wakaingiza kamera kooni, na wakakuta ni kansa ya ile njia inayopitisha chakula. Walimpa mionzi. Baadaye walimwekea humo ndani bomba dogo la waya ili njia ikae wazi, na kwa muda mrefu kidogo ikakaa wazi. Alimtumia kaka yake picha kwa simu, ameshika tonge la ugali mkononi kama mtu aliyeshinda kombe. Nililetewa simu ile niione. Nilimshukuru Mungu, nikarudi kupalilia.

Kisha njia ikaanza kuziba tena. Madaktari walisema, na walisema kwa upole, kwamba kilichobaki ni atunzwe nyumbani, apewe dawa ya maumivu na alishwe kile anachoweza kumeza.

Atunzwe nyumbani, na nyumbani ni wapi? Mwanangu wa kiume alitaka tumlete kwangu. Lakini kwetu mwanamke aliyeolewa, mwenye watoto, harudishwi kwa mama yake akiwa katika hali ile. Ni kama kusema kwamba ndoa ilikufa kabla yake. Na yeye mwenyewe alikataa. Alinipigia simu, sauti yake ikiwa bado na nguvu.

"Mama, watoto wanasoma hapa. Nataka kuwaona jioni wakirudi wachafu."

"Basi nani atakutunza?"

"Wewe, Mama."

"Unajua mimi siwezi kuingia huko."

"Najua. Lakini umeuliza nani, nami nimekujibu."

Baada ya simu ile sikulala vizuri. Mchungaji wetu alikuja akaniambia kwamba mtu aliyeokoka hafungwi na mambo ya namna hiyo, nipande gari niende. Nilimuuliza, "Mchungaji, mama ya mke wako ameshawahi kukuona ukila?" Akatazama viatu vyake, akaomba tufunge kwa sala. Sikumuuliza ili kumwaibisha. Nilitaka aelewe kwamba jambo ambalo watu wawili wamelishika kwa heshima miaka yote, mmoja hawezi kuamka akalivunja peke yake. Ningeingia nyumba ile kwa nguvu, mkwe wangu angelala wapi? Angekula wapi? Ningekuwa nimemfukuza mtu kwake siku alipokuwa na shida.

Ni yeye mkwe aliyepata njia. Alimpigia simu mwanangu, nami nikiwa nimeketi hapohapo, simu imewekwa sauti ya wote kusikia.

"Ndugu yangu, hebu muulize Mama swali moja. Jiko ni la nani?"

Mwanangu akanigeukia. "Mama, anauliza jiko ni la nani."

Nililielewa swali lile kabla halijarudiwa. Katika boma letu nyumba ni ya mwanamume, lakini jiko la nje ni la mwanamke. Mwanamume mwenye adabu haketi humo, hafunui vyungu, hata moto akiutaka hungoja apelekewe. Mama akiingia jiko la binti yake, ameingia kwa binti yake.

"Mwambie jiko ni la binti yangu," nikasema. "Na mwambie aweke dirisha. Mgonjwa hapaswi kula moshi."

Alikuwa amesikia kila neno, lakini alingoja mwanangu arudie mpaka mwisho ndipo akasema, "Mwambie Mama asante."

Nilipofika Kitale nilikuta amefanya kazi ya watu wengi. Alikuwa ametoboa mlango wa pili katika ukuta wa nyuma, upande wa kitalu, ili nipite katikati ya miche bila kukanyaga uwanja wa nyumba yake. Udongo aliokandika pembeni mwa mlango ule ulikuwa bado mbichi, una alama za vidole. Masizi yote alikuwa ameyakwangua, meko ameyahamishia pembeni chini ya bomba la bati la kutoa moshi, na dirisha lilikuwa pale, kubwa kuliko nililoagiza. Vitanda vilikuwa viwili. Kwenye kimoja alikuwa amelala binti yangu, amepungua hata nikatafuta mwili wake ndani ya blanketi.

"Karibu jikoni kwangu, Mama," akasema. "Samahani, sijapika."

"Nimeona," nikamjibu. "Sogea."

Nikaketi kando yake.

Unga wa wimbi nilikuwa nimeubeba mwenyewe kutoka nyumbani, maana unga wa dukani siuamini. Nilikoroga unga na maji, nikauacha uchachuke karibu na meko, kwa kuwa Kitale kuna baridi na uji hukawia. Kisha niliupika mwepesi, nikauchuja kwa kitambaa cheupe mpaka usibaki na chembe, nikatia maziwa ya ng'ombe wa boma. Nilimlisha kwa kijiko kidogo. Kijiko kikiingia, nilingoja. Kikipita, nilitia kingine. Alikuwa akinisema muda wote.

"Mama, unanitazama kama askari wa jela."

"Meza."

"Hata askari hutabasamu mara moja kwa mwezi."

"Meza, ndipo nitabasamu."

Akameza. Nikatabasamu. "Woi," akasema, "afadhali ungeacha." Tukacheka hata uji ukamwagika kwenye leso yangu.

Mumewe alikuja kila asubuhi baada ya kukamua. Alikohoa kwenye kona ya jiko ili nijue, nami nikavuta pazia la dirisha. Alisimama nje, mgongo ukiwa ukutani, nikiwa ndani hatua chache tu kutoka kwake, na tukazungumza kwa mdomo wa binti yangu.

"Muulize Mama ameamkaje."

"Mama, anauliza umeamkaje."

"Nimesikia. Mwambie nimeamka salama. Mwambie pia kuni alizoleta ni mbichi, zinalia."

"Baba watoto, Mama anasema kuni ni nzuri kama wewe."

"Sikusema hivyo!"

"Anasema hata hajasema yote. Ati wewe unashinda kuni."

Kule nje nikasikia mtu mzima anacheka huku amejiziba mdomo. "Mwambie Mama," akasema alipoweza, "leo nitapasua ule mti mkavu."

Na mimi, ambaye sikuzoea kufanyiwa mzaha, nilianza kuingoja ile saa ya asubuhi. Nilitafuta hata la kusema. Mwambie chumvi imekwisha. Mwambie yule ng'ombe mwekundu anachechemea. Binti yangu alipeleka maneno yangu na kuyaleta yake, na kila neno lililopita mikononi mwake lilitoka limevaa nguo nyingine. Kwa njia hiyo nilimjua mkwe wangu zaidi katika majuma machache kuliko katika miaka yote iliyotangulia.

Kisha ugonjwa ukashika sauti. Kwanza alikwaruza, kisha akanong'ona, kisha midomo ikawa inacheza bila kitu kutoka. Asubuhi mumewe alikohoa kwenye kona, akasimama, akasema, "Umeamkaje, mama watoto?" Binti yangu akafungua mdomo. Akanitazama. Akatazama dirisha. Nje mtu yule aliendelea kungoja. Mwishowe akasema, "Haya, basi, pumzika," nikasikia miguu yake ikienda polepole.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo, wakati sauti ipo, halikuonekana. Walipokuwa wakizungumza kupitia ukuta, ukuta haukuwa kitu. Sasa sauti ilikuwa imekwisha, ukuta ukabaki. Hakuweza kuingia kumwona mkewe kwa sababu mimi nilikuwa ndani. Nilikuja kumshika binti yangu mkono, na kwa kuja kwangu mkono mwingine ulikosa mtu wa kuushika.

Nikapanga hivi. Kila alasiri nilichukua sufuria tupu, nikaigonga kwa mwiko ili asikie, nikatoka kwa mlango wangu wa nyuma nikaenda kumwagilia miche. Yeye aliingia kwa mlango wa mbele. Nilikwenda mbali, hadi kwenye avokado, ili nisisikie. Alipomaliza alikohoa, akatoka, nami nikarudi. Siku moja niliporudi nilikuta amemsuka. Sijawahi kuona kazi mbaya kama ile. Nywele zilisimama kama majani ya vitunguu. Nikachukua kitana ili nizifumue. Binti yangu akanishika mkono, akatikisa kichwa. Nikarudisha kitana.

Lakini nguvu zilizidi kupungua, na muuguzi aliyekuwa akimletea dawa ya maumivu alinivuta pembeni akaniambia kwamba siku zake si nyingi. Alasiri hiyo niliinuka na sufuria yangu. Binti yangu akakamata pindo la leso yangu. Nikambembeleza, nikajinasua, nikatoka. Mvua ya Kitale ikaanza. Nilisimama katikati ya miche nikimsikia mumewe kule ndani akisema, "Niachilie, mama watoto. Mama yako ananyeshewa nje. Niachilie aingie." Hakumwachilia upesi.

Nikaelewa. Hakutaka zamu. Alitutaka sote.

Desturi yetu ina mlango wake. Mama mkwe na mkwe wakishakaa vizuri miaka mingi, wazee huwakutanisha, mbuzi huchinjwa, wanapeana zawadi, na tangu siku hiyo wanaweza kuketi pamoja na kula pamoja. Nilimtuma mwanangu kwa wazee. Walijibu vizuri, wakasema jambo hilo ni jema na litafanywa baada ya mavuno, pande zote mbili zikiwapo. Siwalaumu. Ndivyo linavyofanywa. Lakini mahindi yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, na binti yangu hakuwa na mavuno mbele yake.

Asubuhi nilisogeza kitanda chake katikati ya jiko. Nikapanda juu ya kigoda, nikafunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta juu ya kitanda, kwa urefu wake, nikaanika shuka langu zito. Lilining'inia hadi kwenye blanketi, likamgawa: mkono mmoja upande wangu wa meko, mkono mmoja upande wa mlango wa mbele. Pale kwenye mto nililikunja ili lisimguse uso. Akigeuka huku alikuwa wangu, akigeuka kule alikuwa wa mumewe. Alilitazama shuka, akanitazama mimi niliyekuwa bado juu ya kigoda, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani ni maumivu. Alikuwa anacheka.

Kikohozi kikasikika kwenye kona. Nikamwambia binti yangu, kwa sauti ya kusikika nje, "Mwambie mumeo aingie. Shuka liko."

Hakuweza kumwambia mtu yeyote chochote. Kutoka nje mkwe wangu akajibu, "Mama watoto, mwambie Mama naingia."

Akaingia. Niliona miguu yake chini ya shuka, akiwa amevua gambuti mlangoni, soksi zimetoboka. Akaketi. Tukakaa hivyo siku ile na siku zilizofuata, mimi huku, yeye kule. Niliinuka kupika, aliinuka kukamua, tukarudi. Watoto wakitoka shule walipita pande zote mbili kama samaki. Na tuliendelea kuzungumza kupitia kwake. Mwambie Mama maziwa ni haya. Mwambie mumeo ampanguse paji la uso, upande huo siufikii. Aliyekuwa katikati alifumba macho, na kila tulipomtuma neno alibonyeza kidole, kwangu au kwa mumewe, kama mtu anayesema: nimefikisha.

Alituacha asubuhi, maziwa yakiwa juu ya meko, jua limeingia kwa dirisha lile kubwa. Nilikuwa nimeushika mkono wake nikahisi umekuwa mzito. Nikangoja.

Mjukuu wangu ameacha kuandika. Nimemwambia aende akanawe uso, nami nitangoja.

Tuendelee. Kule nyuma ya shuka nilimsikia mkwe wangu anavuta pumzi. "Mwambie," akasema, "mwambie Mama..." Akakoma. Hapakuwa na wa kumwambia. Nilisikia maziwa yakifurika yakizima moto, na hakuna aliyeinuka.

Kisha akasema, "Mama."

Katika miaka yote ile hakuwahi kuniita. Nikajibu, "Naam, mwanangu."

"Ameenda?"

"Ameenda. Mfumbe macho wewe. Yamegeukia upande wako."

Alimfumba. Sikulivuta shuka, wala yeye hakulivuta. Tulilia kila mtu upande wake, na mikono miwili ya binti yangu tukaendelea kuishika mpaka ikawa baridi.

Tulimzika palepale, upande wa juu wa kitalu, kama ilivyo haki ya mwanamke katika boma lake. Nikarudi Bungoma. Mavuno yalipokwisha niliwaendea wazee nikawaambia mbuzi wangu yuko tayari. Wengine walishangaa. Mmoja akaniuliza, "Mama, binti hayuko tena. Huyo kijana kesho ataoa. Unafungua mlango wa nyumba gani?" Nikamwambia kwamba mlango ule si wa nyumba. Na akioa, mke atakayemwoa na aje, nitampikia naye.

Wakatukutanisha. Nilimpa blanketi, akanipa kuku wawili na jembe jipya. Lakini siku ile palikuwa na watu wengi na hotuba nyingi, na sisi wawili tulikuwa na aibu, tukala tukitazama sahani.

Ilikuwa likizo ya Aprili iliyopita ndipo alipokuja peke yake na watoto, bila wazee. Nikamkaribisha ndani, nikamwekea ugali na kuku mezani, nikaketi kwenye kigoda changu mlangoni. Nilimtazama akila. Sikuwa nimewahi kumwona akila. Anatafuna polepole, upande mmoja, na mifupa anaipanga ukingoni mwa sahani kama mtu anayepanga miche. Mvi zimeanza. Na juu ya jicho la kushoto ana kovu, refu kama punje ya mpunga, ambalo huwezi kuliona ukiwa mbali.

"Hilo kovu ulilipata wapi?" nikamuuliza.

Aliligusa, akatabasamu. "Ni binti yako, Mama. Alikuwa anapogoa avokado, nami nikapita chini bila kumwambia. Tawi likanipiga hapa. Damu ilimwagika!"

"Naye alifanya nini?"

"Alicheka."

"Hakukufunga kidonda?"

"Alinifunga, Mama. Lakini alicheka kwanza."

"Sikulijua hilo," nikasema.

"Yako mengi, Mama. Kuna siku alimuuzia chifu mche uliokauka."

"Alimuuzia chifu?"

"Na akampa mawaidha juu yake." Akaweka tonge chini ili asimulie vizuri. Nikainuka, nikasogeza kigoda changu hadi mezani, kwa maana siku hizi masikio yangu hayashiki maneno ya mbali.